Bega la Mzungu wa Maziwa

Mvua kubwa zikinyesha na bonde la Jangwani likijaa, wajukuu zangu hurudi nyumbani wakilalamika kwamba barabara haipitiki. Humlaani mhandisi, huilaani serikali, na mimi nakaa kimya nikichambua mchele. Chini ya barabara ile kuna udongo wa nyumba ya mama yangu. Hasira niliyo nayo juu ya udongo huo haijapoa mpaka leo, ingawa wote waliohusika wamekwisha kufa.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho mtaani, upande ule wa Kariakoo ambao njia inaanza kuteremka bondeni. Ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Baba alikuwa ameijenga mwenyewe, akaikandika mwenyewe, na mama ndiye aliyeisakifu kwa udongo mwekundu na kuifagia mpaka ikang'aa. Katika nyumba ile palikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: viatu vinaishia mlangoni. Awe shemeji, awe shehe, awe karani mwenye soksi, mama alimtazama miguuni mpaka akaelewa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuachika. Mume alisema nina mdomo. Ni kweli ninao, na yeye hakuwa na la kusema la maana, kwa hiyo hatukufaana. Nikarudi kwetu, nikapewa chumba cha mbele chenye dirisha la njiani, na mengi ya haya nitakayoyaeleza niliyaona kutoka dirishani pale.

Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja, ng'ambo ya mto Msimbazi. Alfajiri walikamua, kisha baba akajitwika madebe mzegazega, mti begani na debe kila upande, akavuka bonde kuleta maziwa mjini, hospitali na Uzunguni. Mzungu mwenyewe hakupenda kuitwa Mwingereza. Ukimwita hivyo uso ulimwiva, akakusimamisha juani kukueleza kwamba yeye ni Mwairishi, kwamba kwao ni kisiwa kingine kabisa, na kwamba Waingereza waliwakalia wao kabla ya kutukalia sisi. Watu waliitikia "ndiyo, bwana", na akishapita walicheka, maana ngozi ilikuwa ile ile na kofia ile ile.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema hakupendwa. Alifika baada ya vita vya Mjerumani bila kitu, akachukua shamba lililokuwa limeota magugu, akalilima kwa mikono yake. Aliingia zizini na vibarua, akapigwa mateke na ng'ombe kama wao. Baadaye serikali ikamteua kukaa kwenye baraza la mji, pamoja na wazungu wengine na Wahindi wachache wenye maduka, na huko alipata sifa ya kuwa mbishi. Bomba la maji la mtaani kwetu ni yeye aliyelipigania. Mwenye shida na askari au na karani alikwenda kumngoja nyuma ya soko, pale maziwa yalipopimwa, naye alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kichwa kimeinama kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa mrefu kupita kiasi.

Baba alitusimulia jambo moja ambalo mzungu huyo alimwambia wakiwa wanakamua. Kwao, alipokuwa mdogo, mwenye ardhi alileta watu na gogo kubwa lililofungwa kwa minyororo, wakalipiga ukutani kwa bibi yake mpaka ukuta ukaanguka. Bibi alikuwa ndani. Walimtoa pamoja na kitanda chake, wakamweka mvuani, na jioni wakalichoma paa ili asije akarudi. Baba alisema kwamba mzungu aliposimulia hayo aliacha kukamua, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Mama alipolisikia lile alisema, "Maskini, kumbe na wao." Hakulisahau tena.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Msimbazi ulipanda, bonde likawa maji matupu. Hospitali ilitaka maziwa, na mzungu alimwuliza baba kama kunapitika. Baba alikuwa mtu wa kuona haya kusema haiwezekani. Akasema kunapitika. Akaingia majini na mti begani, madebe huku na huku, na wenzake waliokuwa ukingoni walimwona akifika katikati, kisha wakaona debe moja peke yake likielea. Walimpata siku iliyofuata, amenasa kwenye matete, chini kidogo tu ya nyumba yetu.

Sitaeleza alivyokuwa. Mama alimfunika mwenyewe.

Wakati wa kumtoa, nilikuwa dirishani na wanawake wengine, tumejazana. Tukamwona mzungu anakuja kwa miguu kutoka bondeni, tope mpaka kiunoni. Alifika mlangoni, akavua buti, akaingia ukumbini pekupeku, na miguu yake ilikuwa myeupe kama ya mtu mgonjwa. Hakuna aliyemwambia avue. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kajifunika kanga, na aliiona ile miguu ikipita.

Jeneza lilipoinuliwa, mzungu akatia bega. Shehe mmoja alinuna, mwingine akasema mwacheni. Sasa, mtu ambaye hajui maziko ya kwetu yafaa nimweleze hapa. Jeneza halikai begani mwa mtu mmoja. Linakwenda mbio, kila mwanamume anataka walau hatua chache za thawabu, anachomeka bega anakupokea, nawe unampisha, na jeneza linasogea juu ya watu bila kusimama. Yule mzungu hakupisha. Waliokuja kumpokea hawakuweza kumfikia, maana bega lake lilikuwa juu ya vichwa vyao na jeneza limeinama upande mmoja, ikabidi wale wa nyuma walinyanyue kwa mikono ili baba asiteleze. Yeye akakaza tu. Alilibeba kutoka mlangoni kwetu mpaka makaburini, shati limeloa, midomo imekauka, hakumpa mtu.

Mji mzima uliongea. Mjomba wangu, kaka yake mama, alirudi kutoka makaburini akamwambia mama mbele yetu: "Dada, yule mtu amekataa kupokewa. Njia nzima. Hata mimi sikuweza hivyo." Mama akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema, "Basi huyo ni ndugu."

Nataka nieleweke. Mama hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wazungu. Alikuwa mpishi wa vitumbua pale sokoni, amezoea kusoma nyuso za watu tangu alfajiri, na hakuna aliyemlaghai hata kwa kitumbua kimoja. Lakini kwetu mtu aliyekuvulia viatu mlangoni na akambeba maiti wako bila kupokewa amekwisha kusema kila kitu. Hutamwuliza tena wewe ni nani kwangu.

Baada ya hapo kila Ijumaa yalikuja maziwa kutoka shambani, chupa yenye kizibo cha jani la mgomba. Mama alirudisha chupa na vitumbua vilivyofunikwa kwa kawa. Hawakuonana. Mimi nilikuwa na maneno yangu juu ya zile chupa, kwamba baba yangu ana thamani kubwa kuliko maziwa, na niliyasema. Mama alinijibu, "Nyamaza. Hujui udugu unavyokaa." Nikanyamaza, kwa kinywa tu.

Kisha vikaja vigingi. Vibarua wa serikali walivipigilia kutoka ng'ambo ya bonde hadi huku kwetu, kwa mstari, vimepakwa chokaa, na kigingi kimoja kikasimama uani, karibu na mpapai. Ikasemekana baraza la mji limeamua kujenga tuta la barabara la kuvuka bonde, ili watu na magari wapite hata wakati wa mvua. Nyumba za ukingoni zingebomolewa. Wenye nyumba walitakiwa kwenda bomani kuomba viwanja vipya huko Ilala, na aliyewahi ndiye angepata.

Majirani walikwenda. Mwarabu wa duka la kona, aliyekuwa akimuuzia mama unga na mafuta, alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akavua viatu, akakaa.

"Mama, umekwenda bomani?"

"Sijaenda."

"Nenda kesho, Allah akuhifadhi. Hawa wakisema wanavunja, wanavunja. Mimi nimeona Uhindini, nimeona mtaa wa Gerezani walipotaka ardhi ya reli. Viwanja vinakwisha."

"Huko barazani nina mtu," mama akasema.

Mwarabu aliguna. "Umezungumza naye?"

"Nimwambie nini asichokijua? Anaijua nyumba hii. Alitoka humu na mume wangu begani. Mtu aliyeona nyumba ya bibi yake ikivunjwa, utamfundisha wewe?"

Mwarabu alinitazama mimi, na mimi nikatazama pembeni. Nilikuwa nimekwisha kugombana na mama juu ya jambo hilo hilo mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia aende, au anitume mimi, au amtume mjomba. Alisema kwenda bomani kuomba kiwanja ni kumtukana ndugu aliye hai, kama kumtangazia mji kwamba humtegemei. Maziwa ya Ijumaa yaliendelea kuja, na kila chupa ilipofika mama alinionyesha kwa macho, kama mtu anayeonyesha ushahidi. Nilimwonea huruma na nilitaka kumtikisa.

Siku ya kuvunja ilikuwa ya jua kali. Nyumba za jirani zilikuwa tupu tayari, wenyewe wamekwisha kuhamia Ilala na milango yao na miti yao. Sisi vyombo vyetu vilikuwa vyote mahali pake. Mama alikuwa amefagia, ametandika mkeka ukumbini, amekaa. Mjomba alikuwa nami mlangoni. Wakaja vibarua na masururu na kamba, na nyuma yao lori, na nyuma ya lori mzungu wa maziwa.

Mama alipomwona alitabasamu. Nasema kweli, alitabasamu, na mpaka leo nikiukumbuka uso ule nashindwa kula.

Yeye hakutabasamu. Alitazama vyombo, akatazama mkeka, akatutazama sisi, na nilimwona anaanza kuelewa kwamba mambo hayako sawa. Akaingia ukumbini na buti zake. Labda haraka, labda alidhani nyumba inayovunjwa si nyumba tena. Mama aliangalia zile buti juu ya sakafu yake, na tabasamu likaondoka.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha zizini, "kwa nini hujahama? Kiwanja chako Ilala kiko wapi?"

"Sikuomba kiwanja."

"Kwa nini? Niliwaambia barazani kila mwenye nyumba apewe. Niligombana nao. Ulitakiwa kwenda tu."

"Nilikungoja wewe," mama akasema.

Akavua kofia, akaishika tumboni. "Kuningoja kwa nini?"

"Wewe ulimbeba mume wangu."

"Nilimbeba, ndiyo."

"Njia nzima. Ulikataa kupokewa."

Ndipo akaonekana kuchanganyikiwa kabisa. "Sikukataa, mama. Kwetu watu hubeba kwa zamu, na kuna mtu wa kusema sasa badilisheni. Nilingoja aseme. Hakuna aliyesema. Bega liliuma kama nini."

Mjomba alivuta pumzi karibu nami. Mzungu akaendelea, na naamini alidhani anamfariji. Alisema kwao maiti hubebwa na kila mtu, rafiki na adui. Alisema hata yule mtu aliyewaleta wenye gogo kuvunja nyumba ya bibi yake, bibi alipokufa alikuja akatia bega kwenye jeneza, na hakuna aliyemzuia, maana ndivyo ilivyo desturi. Kesho yake kila mtu aliendelea na uadui wake. "Kubeba si ahadi," akasema. "Kubeba ni kubeba tu."

Kisha akasema lile ambalo lilikuwa baya kuliko yote, na alilisema kwa upole. Alisema tuta lile ni yeye aliyelidai, mwaka baada ya mwaka, akichekwa na wenzake barazani, ili asife mtu mwingine bondeni kama alivyokufa baba. "Njia hii ni ya mumeo," akasema. "Nimekuja mwenyewe ili wasichome kitu. Nimewaambia waanze kwa kutoa makuti taratibu."

Mama alisimama, akakunja mkeka, akauweka kwapani. Akaenda jikoni akachukua chuma chake cha vitumbua. Tukatoa vyombo, mimi na mjomba na Mwarabu aliyekuja mbio kutoka dukani, na mzungu naye akakunja mikono ya shati akabeba kitanda cha mama hadi njiani. Vibarua walikuwa wamekwisha kupanda juu. Kuta zilivutwa kwa kamba, zikaanguka kwa ndani na vumbi jekundu likatujaa puani. Kwa kuwa tuta lilianzia pale pale, hawakuupeleka udongo mbali. Waliusawazisha kwa majembe ukumbini na vyumbani, wakaushindilia, wakamwaga mwingine juu.

Hayo ndiyo mambo ya watu wema. Angalikuwa mtu mbaya tungalimjua mapema, na mama angalikwenda bomani siku ya kwanza.

Viwanja vya Ilala vilikuwa vimekwisha. Mzungu alihangaika sana, nilisikia, alipiga meza huko bomani, akaambiwa mama angojee vingine. Tulipata chumba cha kupanga Gerezani, karibu na karakana za reli, ambapo nyundo zililia mchana kutwa na masizi yaliingia kwenye unga. Mama alipika vitumbua kwenye ua wa watu, kwa zamu na wapangaji wengine. Maziwa ya Ijumaa yalipofika huko, aliyaacha mlangoni mpaka yakachacha. Ijumaa iliyofuata yakafika tena, akayaacha tena. Mwishowe yakakoma. Alikonda, akaacha kugombana nami, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wapangaji waliingia chumbani kwetu na viatu vyao, naye hakuwatazama miguuni.

Miaka ilipita, magari yakapita juu ya tuta, na tukakubali hata sisi kwamba lilikuwa na faida. Kisha zikaja tena mvua za kweli. Maji yalilipanda tuta, yakalikata katikati, likabaki kipande huku na kipande kule. Na katika mvua hizo hizo mzungu wa maziwa akafa kwa homa, shambani kwake, ng'ambo.

Mchungaji wake wa ng'ombe alivuka kwa shida akaja Kariakoo kutafuta watu. Makaburi ya Wakristo yalikuwa mjini. Wazungu walikuwa wameleta lori, limekwama upande huu. Marehemu mwenyewe, kabla hajakata kauli, alikuwa ameomba asiwekwe kwenye gari, abebwe mabegani kama kwao. Pale shambani walikuwapo vibarua wachache, nao wageni wa mto. Waliolijua bonde ni watu wa mtaani kwetu wa zamani, waliomtafuta baba kwenye matete.

Watu hao hawakukataa. Lakini hawakuondoka pia. Walikuja Gerezani, wakasimama uani kwa heshima, kanzu zimelowa, mjomba mbele yao. Mama alikuwa kwenye zamu yake ya jiko.

"Dada," mjomba akasema, "yule bwana amefariki. Wanataka watu wa kumvusha. Tumekuja kusikia kwako."

Mama alivigeuza vitumbua vyote kwanza, kimoja kimoja. Nilitaka aseme lori liende likamchukue. Nilitaka aseme aachwe huko huko na ng'ombe wake. Moyo wangu ulikuwa umejaa sumu na siuonei haya.

"Nendeni mkambebe," akasema.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akageuka. Mama akamwita. "Mbebeni kwa desturi ya kwao."

Wengine hawakuelewa, wakadhani anazungumzia mwendo wa pole pole au nyimbo za kanisani. Mjomba alielewa, kwa kuwa alikuwepo siku ile mzungu aliposema kubeba ni kubeba tu. Aliinamisha macho. Mimi nikaingia chumbani, nikalia mpaka nikachoka, na sikujua ninamlilia nani kati yao watatu, baba, mama au yule mzungu.

Walimvusha. Mjomba alirudi jioni, tope mpaka kifuani, akakaa kwenye kigoda. Alitueleza kidogo kidogo: maji yalifika kwapani, jeneza lilikuwa la mbao nzito, walipokezana kila baada ya hatua chache na hakuna aliyeachwa nalo. Padri alikimbia nyuma yao akishika kofia, maana walikwenda mbio kama tunavyokwenda sisi, miguu haikujua mwendo mwingine. Wazungu walisimama kando ya lori wakitazama.

Mama alikuwa anaosha chuma chake cha vitumbua kwa mchanga na majivu. Hakuuliza juu ya wazungu wala padri.

"Mlipandia wapi upande huu?"

"Pale tuta lilipobaki," mjomba akasema. "Pale mwanzo wake." Akasita. "Pale kwako, dada. Ukumbini."

Mama akaacha kusugua.

"Mlivua viatu?"

Mjomba aliitazama miguu yake. Akasema walikuwa pekupeku wote, kwa sababu ya tope. Mama akaitikia, akamwaga maji ya chuma chake, na akaenda kumtilia kaka yake chakula.